Minada ya senti mtandaoni: Anayeshindwa ndiye anayelipa

KATIKA mnada wa kawaida, uwe wa ng'ombe pale Pugu au wa samani zilizokamatwa kwa amri ya mahakama, mtu anaweza kusimama tangu asubuhi hadi jioni, akanyoosha mkono mara ishirini, akashindwa mara zote ishirini na kurejea nyumbani na fedha zake zote mfukoni. Dalali hamdai kitu. Anayelipa ni mmoja tu, yule aliyetaja bei ya juu kabla nyundo haijagonga meza.

Upo mnada wa aina nyingine ambamo kanuni hiyo imepinduliwa. Huendeshwa katika intaneti, hujulikana kama mnada wa senti, na ndani yake kila anayenyoosha mkono hulipa, ashinde asishinde. Biashara hiyo ilishika mizizi nchini Ujerumani mwaka 2005, ikaenea Uingereza, Hispania na Marekani, na nyingine za kufanana nayo zikaibuka hadi Japani. Imewapatia watu wachache televisheni na kompyuta kwa bei ya chakula cha mchana. Wengi zaidi imewaachia taarifa za benki ambazo hawakupenda kuzisoma mara mbili.

Makala haya yanaeleza jinsi mnada huo unavyofanya kazi, mbinu ambazo wazoefu wake huzitumia na mahali ambapo mbinu hizo hugonga mwamba.

Jinsi unavyoendeshwa

Mshiriki hawezi kushindana kabla ya kununua haki ya kushindana. Haki hiyo huitwa dau, na huuzwa kwa mafungu, kwa mfano madau 50 au 100 kwa mpigo. Tovuti ya Swoopo, iliyokuwa maarufu kuliko zote katika miaka ya mwanzo, ilianza kwa kuwatoza Wamarekani senti 75 kwa kila dau. Baadaye tovuti nyingi za nchini humo, ikiwamo QuiBids ya Oklahoma City iliyoanza mwaka 2009, zilitoza senti 60.

Bidhaa huanza ikiwa na bei ya sifuri au karibu na hapo. Kila mtu anapobofya kitufe, dau lake moja huyeyuka na bei ya bidhaa hupanda kidogo, mara nyingi kwa senti 1 tu, na ndiyo asili ya jina la mnada wenyewe. Kando ya picha ya bidhaa kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Dau likiwekwa dakika za mwisho, saa hiyo huongezewa sekunde, kwa kawaida 10 hadi 20, ili wengine wapate nafasi ya kujibu. Saa ikifika sifuri bila mtu mwingine kubofya, aliyebofya mwisho ndiye mshindi. Naye hajamaliza kulipa: hutakiwa kutoa bei iliyofikiwa, na mara nyingi gharama ya usafirishaji.

Tuchukue mfano. Televisheni inayouzwa dukani kwa dola 1,000 za Marekani imepigwa mnada na mshindi ameichukua kwa dola 30. Tangazo litakaloonekana siku ya pili litasema kwamba mtu amepata televisheni kwa asilimia 3 ya bei yake, na tangazo hilo halitakuwa na uongo ndani yake.

Lakini bei haikufika dola 30 yenyewe. Ilipanda senti moja moja, maana yake ni kwamba madau 3,000 yaliwekwa. Kwa senti 60 kila moja, hizo ni dola 1,800. Ukijumlisha na dola 30 za mshindi, mwenye tovuti amekusanya dola 1,830 kwa bidhaa ya dola 1,000.

Sasa tumtazame mshindi. Tuseme alitumia madau 400. Amelipa dola 240 za madau na dola 30 za bei, jumla dola 270, na kweli amefaidika. Madau 2,600 yaliyobaki, yenye thamani ya dola 1,560, yalikuwa ya watu ambao hawakupata hata kamba ya kufungia boksi.

Ipo njia rahisi ya kufanya hesabu hii, na mwandishi anamshauri msomaji aishike hata kama atasahau mengine yote. Iwapo dau ni senti 60 na bei hupanda kwa senti 1, zidisha bei ya mwisho mara 61. Jibu ndilo kiasi kilichokusanywa. Simu iliyoondoka kwa dola 9 imemwingizia mwenye mnada dola 549. Televisheni ya mfano wetu ilikuwa imekwisha kurudisha thamani yake yote pale bei ilipokuwa dola 16 na senti 40, wakati watazamaji wakiamini kwamba inakaribia kutolewa bure.

Kupanda na kuanguka kwa Swoopo

Swoopo ilizaliwa mjini Munich kwa jina la Telebid, na mwanzoni washiriki waliweka madau hata kwa simu. Mwaka 2008 ilibadili jina na kuingia Marekani kwa kishindo. Wawekezaji wa mitaji walivutiwa nayo, kwa sababu ambayo msomaji sasa anaweza kuikokotoa mwenyewe. Ilifikia hatua ya kuuza mambo ambayo dalali wa kawaida angechekwa kuyapeleka mnadani: fedha taslimu, na hata mafungu ya madau ya kutumia katika minada mingine ya tovuti hiyohiyo. Mtu alilipa madau ili apate madau.

Wachambuzi hawakuchelewa kuipigia kelele. Richard Thaler, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago ambaye mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, aliandika kuihusu katika gazeti la The New York Times mwaka 2009, akiitumia kama kielelezo cha namna msisimko wa kuwinda bei rahisi unavyoweza kumgharimu mtu. Hata hivyo kelele hizo hazikuwa ndizo zilizoiua. Washindani waliongezeka kwa kasi, na Machi 2011 kampuni mama ya Swoopo iliomba kulindwa kwa kufilisika. Mwaka uliofuata anwani yake ya mtandaoni ikachukuliwa na DealDash, tovuti ya aina hiyohiyo yenye asili ya Finland.

Takwimu zilizobaki za Swoopo ndizo zilizowapa wanazuoni nafasi adimu ya kuona ndani ya biashara hii. Ned Augenblick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichambua takwimu za minada 166,000, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2016. Aligundua kwamba kwa wastani faida ya mwenye mnada ilizidi asilimia 50 ya thamani ya bidhaa. Kwa lugha nyepesi, washiriki kwa ujumla wao walitoa zaidi ya dola 150 ili kugawana bidhaa za dola 100.

Ili msomaji apate kipimo, gurudumu la ruleti katika kasino za Ulaya, lenye sifuri moja, hubakiza kwa nyumba wastani wa asilimia 2.7 ya kila kinachowekwa mezani. Aliyeweka dola 100 kwenye ruleti hutarajiwa, kwa wastani, kurudi na dola 97 na senti 30. Kwa hesabu ya Augenblick, aliyeingiza dola 100 katika minada ya Swoopo angetarajiwa kurudi na bidhaa zisizofika dola 67. Na kasino haijiiti duka.

Kwa nini watu hawaachi

Mwaka 1971 mwanauchumi Martin Shubik alichapisha maelezo ya mchezo mdogo wa ukumbini. Noti ya dola moja inapigwa mnada. Aliyetaja bei ya juu anaichukua, lakini yule wa pili yake naye analazimika kulipa alichotaja. Mchezo huanza kwa vicheko. Mmoja anasema senti 10, mwingine 20. Ikifika senti 90 dhidi ya dola nzima, aliyetaja 90 anaona kwamba akiacha sasa atapoteza senti 90, ila akitaja dola 1 na senti 10 huenda akapoteza senti 10 tu. Anapanda. Mwenzake naye anafikiri vivyo hivyo. Watu wenye akili timamu hujikuta wakigombea dola moja kwa zaidi ya dola moja.

Mnada wa senti umechukua mtego huo na kuupeleka mbali zaidi, kwani wanaolipa si wawili wa mwisho tu bali wote.

Wanauchumi wana jina la fedha iliyokwisha kutumika ambayo hairudi kwa namna yoyote: gharama iliyozama. Kanuni yao ni kwamba gharama hiyo haipaswi kuingizwa katika uamuzi unaofuata. Uliyekwisha kutumia madau 200 na ambaye hujatumia hata moja mnakabiliwa na swali lilelile: je, senti 60 zinazofuata zina nafasi ya kutosha ya kuwa za mwisho? Kwa televisheni yetu ikiwa imefika dola 30, mshindi atanufaika kwa dola 970. Dau la senti 60 litakuwa na maana iwapo tu uwezekano wa kuwa la mwisho ni bora kuliko mara moja katika mara 1,617. Madau yako 200 ya nyuma hayabadilishi tarakimu hiyo hata kidogo.

Moyo wa binadamu haukokotoi hivyo. Augenblick alionyesha kwamba kadiri mtu alivyokwisha kutumia ndivyo alivyozidi kung'ang'ania, na kwamba somo hilo hujifunzwa, ila polepole. Kila aliyewahi kungoja daladala kwa saa nzima akakataa kupanda bajaji kwa kuwa "nimekwisha kungoja sana" anaielewa hali hii bila kusoma chuo kikuu chochote.

Jambo la pili ni idadi. Ukumbi wa mnada wa ng'ombe unauona kwa macho: washindani wako ni wale. Mtandaoni unaona majina machache yakipokezana, huoni waliojificha wakingoja. Mwaka 2010 watafiti John Byers, Michael Mitzenmacher na Georgios Zervas walionyesha kimahesabu kwamba kosa dogo la kukadiria chini idadi ya washindani linatosha kumpa mwenye mnada faida kubwa sana. Hahitaji kumdanganya mtu. Anachohitaji ni watu wasijue wako wangapi.

Mbinu, na thamani yake

Pamoja na yote hayo, wapo wanaoshinda, na wapo wanaoshinda mara kwa mara. Wanazuoni Zhongmin Wang na Minbo Xu walichunguza tovuti ya Marekani iliyoitwa BigDeal wakakuta jambo la kuvutia: tovuti hiyo ilipata faida yake kutoka kwa wageni waliokuwa wakiingia na kutoka kama abiria wa stendi, kila mmoja akiacha kiasi kidogo, lakini kwa wazoefu kama kundi tovuti ilipata hasara. Maana yake ni kwamba ustadi upo. Maana yake nyingine, ambayo wauzaji wa vitabu vya mbinu hawaitaji, ni kwamba ustadi huo hulishwa na wale wasio nao. Mgeni anayeingia leo hashindani na tovuti peke yake; anashindana na watu ambao riziki yao ni yeye.

Mbinu ya kwanza ya wazoefu ni kutazama bila kubofya. Kutazama ni bure. Kwa wiki moja au mbili huandika bei ambazo bidhaa za aina fulani huishia, saa zinazoishia na majina ya wanaoshinda. Jina linalojirudia katika orodha ya washindi ni onyo: huyo ana akiba kubwa ya madau na hapendi kushindwa, kwa hiyo mnada alioingia yeye ni wa kuachiwa. Wazoefu wenyewe hutaka wajulikane hivyo, ili wakionekana wengine watoke.

Ndiyo maana wapo wanaocheza kwa ukali, wakijibu kila dau ndani ya sekunde hiyohiyo badala ya kungoja saa ikaribie sifuri. Wanatuma ujumbe kwamba hawatachoka. Mbinu hii ina mantiki, lakini hufanya kazi dhidi ya mtu anayeogopa. Wakikutana wakali wawili hakuna anayeogopa, na wote wawili wanateketea.

Kinyume chake ni mbinu ya mgeni, ya kungoja sekunde ya mwisho kabisa ili awawahi wenzake. Katika minada ya kawaida ya mtandaoni, ambako saa ya kufunga haibadiliki, hilo huweza kusaidia. Katika mnada wa senti halina faida, kwa kuwa dau la sekunde ya mwisho ndilo linaloirudisha saa nyuma. Anayelitumia huishia kukosa kwa sababu intaneti yake ilikawia kidogo.

Kuna wanaochagua saa. Washiriki wakiwa wachache, minada huisha kwa bei ya chini, hivyo wazoefu wa Marekani hupenda usiku wa manane wa huko. Saa 9 usiku ya New York ni saa 4 au saa 5 asubuhi ya Dar es Salaam, kutegemea msimu, na msomaji anaweza kudhani kwamba hapo amepata upenyo. Kabla hajafurahi na asome masharti ya usafirishaji: tovuti nyingi za aina hii zilipeleka mizigo ndani ya nchi zao tu. Ushauri huo utamfaa zaidi ndugu yake aliyeko Minneapolis.

Wapo pia wanaoachana na bidhaa zinazong'aa. Simu mpya, kompyuta na televisheni ndizo zinazowekwa mbele ya ukurasa, na ndizo zinazokimbiliwa na kila aliyejiandikisha jana. Hati ya kununulia bidhaa ya dola 25 haina mvuto huo, kwa hiyo huwa na washindani wachache. Faida yake nayo ni ndogo, na madau 30 tu yanatosha kuila zaidi ya nusu.

Programu ya kuweka dau kwa niaba ya mteja inahitaji kutajwa peke yake. Tovuti nyingi humruhusu mshiriki aiagize mashine iendelee kumbofyia wakati yeye amelala. Inasaidia kwa mtu asiyeweza kukaa mbele ya kompyuta saa sita. Lakini fikiria mashine za watu wawili zikikutana usiku, kila moja ikiwa na madau 200. Zitajibizana hadi moja iishiwe. Kutakapokucha bei itakuwa imepanda kwa takriban dola 4 tu, ilhali wenye mashine hizo watakuwa wameteketeza dola 240, na kati yao mmoja ataamka mikono mitupu. Huenda wote wawili.

Mbinu inayotetewa kwa nguvu zaidi ni ile ya kununua moja kwa moja. Swoopo iliianzisha mwaka 2009 na wengine wakaifuata: aliyeshindwa anaruhusiwa kununua bidhaa kwa bei ya tovuti, huku thamani ya madau aliyopoteza ikipunguzwa katika bei hiyo. Mtu aliyepoteza madau 50, yaani dola 30, kwa bidhaa ya dola 100 ataongeza dola 70 na kuipata. Kwa mtazamo wa haraka hajapoteza kitu.

Hapa panahitaji macho mawili. Kwanza, bei ya tovuti si lazima iwe bei ya soko. Ikiwa bidhaa hiyo inauzwa dola 80 dukani, mteja huyo amepoteza dola 20. Ni nafuu kuliko kupoteza 30, lakini si bure. Pili, na hili husahauliwa, kanuni hii hubadili tabia ya washindani wako. Aliyekusudia tangu mwanzo kuinunua bidhaa hana sababu ya kuacha kubofya mpaka madau yake yafikie bei nzima. Asiye na fedha ya kununua anapambana na mtu ambaye hana cha kupoteza. Kwa hiyo ushauri wa busara ni huu: usiingie katika mnada wa bidhaa ambayo usingekuwa tayari kuinunua kwa bei kamili siku hiyohiyo, na bei hiyo ilinganishe kwanza na ya duka lingine.

Na kikomo kiwekwe kabla, kwa idadi ya madau, kiandikwe kwenye karatasi. Kikomo kinachowekwa wakati saa inahesabu si kikomo.

Pale mchezo unapokuwa wizi

Hadi hapa tumezungumzia tovuti zinazofuata kanuni zake zenyewe. Si zote zilifanya hivyo.

Katika mnada wa kawaida, dalali mdanganyifu anaweza kupandikiza mnunuzi wa uongo ili apandishe bei, lakini yuko hatarini: mnunuzi huyo akishinda kwa bahati mbaya, bidhaa inabaki mikononi mwa dalali bila kuuzwa. Katika mnada wa senti hatari hiyo haipo. Programu ya kompyuta yenye jina la binadamu huweka dau lisilogharimu kitu, na kila dau lake humlazimisha mtu wa kweli kujibu kwa senti 60 za kweli. Ikishinda yenyewe, bidhaa haisafirishwi popote, na fedha za walioshindwa zimekwisha kuingia. Huenda bidhaa hiyo haikuwapo tangu mwanzo.

Kisa kilichovuma zaidi ni cha Japani. Desemba 2012 polisi wa Kyoto na Osaka waliwakamata waendeshaji wa tovuti iliyoitwa World Auction, ambako programu za kompyuta zilikuwa zikipandisha bei kiasi kwamba mteja wa kawaida hakuweza kushinda bidhaa za maana. Kilichoishtua zaidi nchi hiyo ni kubainika kwamba watu mashuhuri wa televisheni walilipwa ili waandike katika kurasa zao za mtandaoni kwamba wamejishindia vitu kwa bei ya kutupa, ilhali hawakuwa wameshiriki mnada wowote. Baadhi yao walipoteza kazi. Mashabiki waliowaamini walipoteza fedha.

Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa tahadhari kwa walaji mwaka 2011, ikisema kwamba kwa namna nyingi mnada wa senti unafanana zaidi na bahati nasibu kuliko mnada wa jadi. Ujerumani, ambako biashara hii ilianzia, ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2013 mahakama ya rufani ya masuala ya utawala ya jimbo la Baden-Württemberg, mjini Mannheim, ilishikilia kwamba minada ya namna hiyo ni mchezo wa kamari usioruhusiwa, kwa kuwa ada ya kila dau ni sawa na fedha inayowekwa mezani na matokeo yake hutegemea bahati, yaani kile ambacho washiriki wengine watafanya au hawatafanya. Wasomaji wa hapa nyumbani waliowahi kutuma ujumbe mfupi wa simu wa kulipia mara kumi kumi ili washinde gari watakuwa wameona undugu.

Kwa anayetaka kujaribu licha ya yote, yapo mambo ya kukagua kabla ya kutoa tarakimu za kadi. Je, kujiandikisha kunamaanisha kutozwa mara moja kwa fungu la kwanza la madau? Je, kuna ada ya uanachama inayojirudia kila mwezi? Mshindi hupewa siku ngapi kulipa kabla ya ushindi kufutwa? Madau yasiyotumika hurejeshwa fedha au hufa? Masharti hayo huandikwa kwa herufi ndogo, chini kabisa ya ukurasa, na ni heri kuyasoma kabla ya kuyatafuta. Malipo kwa kadi inayokuruhusu kupinga makato benki ni salama kuliko kutuma fedha moja kwa moja.

Mnada uliogeuka upatu

Kisa kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, hakikutokana na kupandisha bei kwa hila. Kilitokea katika mji mdogo wa Lexington, North Carolina, ambako Paul Burks aliendesha mnada wa senti ulioitwa Zeekler. Januari 2011 aliuongezea tawi lililoitwa ZeekRewards. Ndani ya tawi hilo mtu hakuhitaji kushindania televisheni. Alinunua madau, akayagawa kwa wengine kama matangazo, akabandika tangazo fupi mtandaoni kila siku, na kwa kazi hiyo akaahidiwa sehemu ya faida ya minada, iliyokuwa karibu asilimia 1.5 kwa siku.

Wasomaji wanaokumbuka misururu ya mwaka 2009 kabla Serikali haijasimamisha shughuli za DECI hapa nchini hawatahitaji kuelezwa kilichofuata.

Agosti 17, 2012 taasisi inayosimamia masoko ya mitaji na dhamana nchini Marekani, SEC, ilikwenda mahakamani na kuifunga. Kwa mujibu wa taasisi hiyo, mfumo huo ulikuwa umekusanya takriban dola milioni 600 kutoka kwa watu zaidi ya milioni 1, na karibu asilimia 98 ya mapato yaliyoitwa faida ya minada yalikuwa fedha za wanachama wapya zikihamishiwa kwa wa zamani. Mnada wenyewe, wenye saa, madau na picha za bidhaa, ulikuwa pazia. Burks alitiwa hatiani mwaka 2016, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka 14 na miezi 8.

Mahakama iliteua mfilisi akusanye kilichobaki ili walioumia wagawiwe. Mfilisi huyo hakuishia kwenye akaunti za kampuni. Aliwafuata pia maelfu ya wanachama waliotoka na fedha nyingi kuliko walizoingiza, akidai kwamba walichokiita faida kilikuwa fedha za jirani zao. Wengi walijitetea kwamba hawakujua lolote na kwamba walifanya kazi yao ya kubandika matangazo kila siku. Mahakama ya shirikisho mjini Charlotte iliamua kwamba utetezi huo hautoshi, ikawataka wazirejeshe.